Mgeni Anayejua Lugha

Mzungu anaposhuka bandarini Malindi, Unguja, mara nyingi ameshasoma. Kitabu chake cha safari kimemweleza habari za maji kupwa na kujaa, mavazi ya heshima, mwezi wa Ramadhani, na namna ya kuwakwepa mapapasi, wale vijana wanaomvamia kila mwenye begi wakitaka kumpeleka hotelini. Mtu wa bara hushuka na jina la hoteli na namba ya dereva, basi. Asome nini? Lugha ni yake, shilingi ni ileile, na picha za Mji Mkongwe amezizoea tangu shule ya msingi. Kwake Unguja ni mtaa wa Dar es Salaam uliotengwa na safari ya saa mbili kwa boti ya kasi.

Kwa miaka ambayo nimekuwa nikivuka, mara na familia, mara peke yangu, nimefikia hitimisho lisilonifurahisha sana: anayesumbuka zaidi visiwani ni mgeni anayejua lugha. Asiyejua huuliza. Sisi tunaona kuuliza ni kujishusha katika nchi yetu wenyewe. Marafiki wakisikia nimerudi hunipigia simu kutaka kujua walale wapi na ni ghali kiasi gani, na hayo nina majibu yake. Ila yale yanayowaharibia likizo ni yale ambayo hawaulizi.

Kuvuka kwenyewe si kazi. Beba kitambulisho, maana nauli ya mwananchi na ya mgeni wa nje si moja, na hakuna atakayekubali sura yako kuwa ushahidi. Kati ya Juni na Agosti, kusi ikivuma, panda boti ya asubuhi kabla upepo haujapamba moto, kaa katikati kuelekea nyuma, tafuna tangawizi. Wahudumu wakianza kupita na mifuko ya kutapikia, chukua wako hata kama unajiona mzima. Kwa wanaoendelea hadi Pemba nina neno la ziada. Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama mkondo wa Nungwi ikielekea huko, na Julai 2012 MV Skagit ikazama karibu na Chumbe. Kuna nyumba nyingi Unguja na Pemba ambazo tarehe hizo hazihitaji kukumbushwa. Ukiona chombo kimejaa kupita kiasi, shuka, hata kama tiketi umeshaikata. Kulala Malindi siku moja zaidi hakujamuua mtu.

Chukua pesa taslimu ukiwa bado mjini. Vijijini mashine za benki ni za kutafuta, na pesa ya simu mtandao ukipotea ni hadithi tu. Kwenda vijijini, teksi ni starehe ya haraka, lakini daladala zipo: namba 309 ni ya Jambiani, 116 ya Nungwi. Utakaa na magunia, ndoo, kuku pengine, na utachukua muda mara mbili ya teksi. Ila utafika ukiwa umeshajua nani kafiwa, nani kaoza, na bei ya samaki ya juzi. Mimi hupanda daladala kwa ajili hiyo hasa. Angalia tu usiachwe jioni, maana gari za mwisho huondoka kabla giza halijaingia.

Sasa maji.

Pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Matemwe na Kiwengwa hadi Bwejuu, Paje na Jambiani, ina mwamba wa matumbawe uliokaa mbali na ufuo, na kati ya mwamba na mchanga ni uwanda wa maji mafupi. Yakipwa, uwanda ule hukauka. Bahari uliyoiona kwenye picha, ile ya kijani ikichanganyika na buluu, hurudi nyuma hata zaidi ya kilomita, ikakuachia mchanga wenye madimbwi, majani ya bahari, na ngalawa zilizolala ubavu. Ukifika saa hiyo na watoto waliovaa nguo za kuogelea tangu ndani ya gari, utajua kazi ya mzazi. Nimewasikia watu wazima, wenye vyeo vyao, wakimlalamikia binti wa mapokezi kana kwamba ndiye aliyeyatoa maji.

Kanuni yenyewe ni nyepesi na kila mtoto wa Jambiani anaijua. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika kama 50. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kukauka sana, tofauti ya kina ikikaribia mita nne. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayakauki sana. Siku za bamvua maji ya ukanda wetu hukauka kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Anayetaka kuogelea Paje wakati wa mwezi mpevu apange jioni. Asubuhi atembee, alale, au aende msituni Jozani akawaone kima punju. Asiyetaka kupangiwa na mwezi aende Nungwi au Kendwa, ncha ya kaskazini, ambako ufuo hushuka haraka na mtu huogelea karibu saa zote. Huko atakuta watu wengi zaidi, muziki mwingi zaidi, na bei iliyopanda kulingana na vyote viwili.

Na pepo nazo zina zamu zao. Kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, huleta joto na bahari tulivu. Kusi ikishika, pwani ya mashariki huwa na upepo wa kuwafurahisha wale wanaovutwa na tiara juu ya maji kule Paje, na majani ya bahari hujaa ufukweni. Masika, Machi hadi Mei, vyumba hushuka bei na baadhi ya hoteli hufunga kabisa. Ukiweza kuvumilia mvua, huo ni msimu wa mtu mwenye mfuko mwembamba, na sijui kwa nini tunawaachia wengine.

Mimi huchagua mashariki, na huchagua maji yakiwa yamekauka. Tulikopanga Jambiani mwenye nyumba anaitwa na wote Bi Mkubwa, nami sikuona haja ya kumwita vingine. Asubuhi moja ya bamvua niliomba nimfuate pwani. Alikuwa amevaa soksi nene na raba kuukuu, kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, chini ya kofia ya ukili. Akaitazama miguu yangu.

"Hizo ndala ziache. Huko chini kuna wadudu wa miiba myeusi, mwanangu. Mmoja ukikukita, likizo yako utaimalizia kitandani."

Shamba lake la mwani ni vigingi vya miti vilivyokitwa mchangani kwa safu, kamba zikipita kutoka kigingi hadi kigingi, na kwenye kamba vichipukizi vya mwani vimefungwa kimoja kimoja kwa uzi. Kilimo hiki kilianza kibiashara pwani hii mwaka 1989, na wengi wanaokifanya ni wanawake. Mwani ule mnene wanaouita kotoni, wenye bei nzuri, umekuwa ukifa kwa kuwa maji ya kina kifupi yamezidi joto, na wanaotaka kuuendeleza inabidi waufuate maji marefu, ilhali wengi wao hawajui kuogelea. Uliobaki karibu na ufuo ni ule mwembamba wa bei ya chini. Bi Mkubwa alinieleza haya akiwa ameinama, vidole vinafunga, hanitazami. Hakuwa ananilalamikia, nilimwuliza akajibu.

Wakati huo vijana wawili walipita wakipigana picha kwa simu. Mmoja akarudi nyuma hatua tatu kutafuta mwanga, akasimama juu ya kamba. Nilitegemea kusikia Kiingereza au Kiitaliano. Nilisikia, "Oya, nipige tena, hiyo nimefumba macho." Watoto wa kwetu kabisa. Bi Mkubwa alingoja wapite, akaenda akaikaza kamba upya.

"Wazungu huwaonyesha kwa mkono tu, wanatoka," alisema. "Hawa wa kwetu ukiwasemesha wanakwambia bahari haina mwenyewe."

Nimelifikiria sana jambo lile. Hakuna kijana wa Morogoro atakayepita katikati ya mpunga wa mtu akipiga picha. Ataona tuta, ataona mche, atapita pembeni. Pale hakuona shamba kwa sababu hakutegemea kuliona. Alikuja kwenye mapumziko yake, na mahali pa mapumziko ya mtu, kumbe ni ofisini kwa mtu mwingine, na saa za kazi za ofisi ile hupangwa na mwezi. Toka siku ile nikipanga safari ya mahali popote hujiuliza kwanza watu wa hapo saa hizi wanafanya kazi gani, na nitakuwa nimesimama juu ya nini.

Mbele zaidi, kwenye mwamba wenyewe, wanawake na vijana walikuwa wakitafuta pweza kwa fimbo za chuma. Pweza akitolewa shimoni hupigwa mwambani tena na tena mpaka nyama ilegee. Ule mlio utausikia kabla hujawaona wanaopiga. Kusini mwa Pemba, Kisiwa Panza, wanakijiji hukubaliana kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, na siku ya kufungua huwa ni sherehe. Hilo ni jambo la kulijua kabla hujaenda hotelini kudai pweza aletwe leo hiihii.

Jioni tulimla wa kwetu. Bi Mkubwa alimchemsha bila chumvi, akisema chumvi ya mapema humkaza, akamwacha aive kwa maji yake mwenyewe mpaka akawa wa rangi ya zambarau. Akamkata vipande. Sufuria nyingine: kitunguu, kitunguu saumu, tangawizi, nyanya, bizari, halafu tui jepesi, halafu pweza. Tui zito lilikuja mwisho, na hapo alikataa kuongea na mtu. Alikoroga kwa kuchota na kumimina, kuchota na kumimina, moto ukiwa umepunguzwa, kwa sababu tui likiachwa lichemke lenyewe hukatika likawa mafuta na maji. Ndimu ikakamuliwa sufuria ikiwa imeshaepuliwa. Wali wa nazi, kachumbari, na mbirimbi za achari kidogo kwenye kisahani. Nimekula pweza kwenye meza zenye vitambaa vyeupe, na sitaki kuwasema watu wa meza zile, wanajitahidi. Ila hawana muda wa kukaa na tui.

Ndiyo maana swali langu la pili visiwani ni: leo kimetoka nini? Orodha ya chakula iliyochapishwa na kufunikwa kwa plastiki ina nguru, jodari, ngisi na kamba koche mwaka mzima. Bahari haina orodha hiyo. Siku kusi ikiwa kali ngalawa hazivuki mwamba, na samaki aliyeko mezani ametoka kwenye friza. Ukiuliza kwa adabu utaambiwa ukweli: leo kuna changu wa dema, leo kuna vibua tu, leo hakuna kitu, kula mchicha wa nazi na maharage. Nimekula mchicha wa nazi Jambiani wa kumfanya mtu asahau samaki. Ukitaka kununua mwenyewe, nenda ufukweni ngalawa zinaporudi, au mnadani. Samaki wakubwa huuzwa mmojammoja na wadogo kwa fungu au mtungo. Usiingie mnadani kama hujui bei. Mpe mwenyeji wako akununulie, naye umpe kichwa cha samaki. Kichwa ni heshima kubwa, na ndicho kitamu zaidi, kwa hiyo fikiri kabla hujakitoa.

Mjini ni habari nyingine. Ukifika Mji Mkongwe alasiri, kabla ya kutafuta chochote tafuta urojo. Watalii wameupa jina la mchanganyiko wa Zanzibar, na kweli ni mchanganyiko, ila mchanganyaji ni fundi. Mwuzaji anashika bakuli, anaweka viazi vya kuchemsha, anavunja kachori, anatupia bhajia za dengu, anachota uji wa njano wenye manjano na ukali wa embe mbichi, anamimina. Juu anaweka chatne ya nazi, pilipili, nyama ya mshikaki, nusu ya yai ukitaka, na mwisho chipsi nyembamba za muhogo zinazopaswa kuliwa kabla hazijalowa. Kwa hiyo urojo hauchukuliwi kwenda nao hotelini. Unakaa palepale kwenye benchi, bega kwa bega na wanafunzi wa skuli na mama waliotoka sokoni, unakula, unatoa jasho, unaomba ndimu.

Jioni watu wote huelekezwa Bustani ya Forodhani, mbele ya Ngome Kongwe. Nendeni, taa ni nzuri na watoto wanaruka baharini kutoka ukutani kwa mbwembwe zao. Ila mishikaki ya samaki na kamba iliyopangwa pale imekaa hewani muda mrefu na baadhi imeshapashwa moto zaidi ya mara moja. Uliza bei kabla hujashika sahani. Niliwahi kumwuliza kijana aliyekuwa akinisifia kamba koche wake, yeye mwenyewe jioni hula wapi. Akacheka, akanyoosha kidole kwenye chungu cha urojo pembeni. "Pale. Twende." Tukaenda wote, tukala, akarudi kwa kamba koche wake. Juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu ya palepale naipa alama zote.

Asubuhi usile hotelini kama unaweza kujizuia. Vuka barabara kuelekea Ng'ambo ukatafute chai: chai ya viungo, mandazi na mbaazi za nazi, vitumbua, au mkate wa kumimina. Huu wa mwisho ni mchele uliolowekwa usiku, ukasagwa na tui, ukatiwa sukari, iliki na hamira, ukaachwa uumuke. Humiminwa kikaangoni, chini ukishaiva kikaango hupinduliwa kuelekea makaa ili uso nao upate rangi. Ukiwa wa moto unanukia hadi kwa jirani. Kwa wenye haraka, chapati na supu zipo, lakini mwenye haraka alivuka maji kufanya nini?

Kahawa ni ya barazani. Pale njia panda wanapopaita Jaws Corner wazee na vijana hukaa tangu jioni na vikombe vidogo vya kahawa tungu na kashata, wanabishana mpira na siasa kwa sauti ambayo mgeni anaweza kudhani ni ugomvi. Ugomvi haupo. Toa salamu kwa wote, kaa, lipa kahawa yako, na usianze wewe habari za siasa. Utaulizwa umetoka wapi, na jibu lako litazaa mjadala ambao hutahitajika kuuchangia.

Salamu. Hapa ndipo sisi wa bara tunapojulikana hata kabla ya lafudhi. Tunaingia dukani na kusema, "Maji makubwa bei gani?" Mwenye duka anajibu bei, kwa ubaridi, na tunatoka tukisema watu wa visiwani wana maringo. Mwenyeji akiingia dukani humo hutoa salamu, huulizia hali, huulizia watoto, ndipo maji. Kwa mtu mzima shikamoo haikosi. Ukipita watu wanakula wataku­karibisha, na wanamaanisha. Kama umeshiba, jibu "starehe" na upite, au onja tonge moja kwa mkono wa kulia. Mapapasi nao hawahitaji ukali. Sema, "Ahsante ndugu yangu, tupo tu," ukitembea bila kusimama. Hakuna anayeweza kumwuzia kitu mtu aliyepo tu.

Mavazi ni hivyohivyo. Cha kuogelea ni cha ufukweni, na kikivuka njia kuingia kijijini kanga au kikoi kinapita juu yake. Sijui kwa nini hili huhitaji mjadala. Mjomba wako akikutembelea nyumbani kwako hapiti sebuleni na taulo.

Ramadhani watu huniambia wataahirisha safari. Mimi ningesema nendeni, mkijua mnachokwenda kukifanya. Mchana migahawa mingi hufungwa, na kula hadharani ni utovu wa adabu unaoweza kukuingiza matatani. Hotelini utapewa chakula chako kwa staha, nyuma ya pazia. Lakini jua likizama mji mzima hukaa kula. Uji wenye pilipili manga, tende, sambusa, kaimati, tambi, ndizi na magimbi ya nazi, mihogo, samaki. Ukiwa umepanga kwenye nyumba ya watu, hutaachwa ufuturu peke yako. Anayefunga angalau siku moja kwa kuwafuata wenyeji wake, hata kama si mfungaji, ataonja muhogo wa nazi kwa namna ambayo sahani ya mchana haiwezi kumpa.

Matunda hayana adabu za namna hiyo, yanaliwa popote. Kuelekea Disemba embe huwa nyingi mpaka zinaoza barabarani: boribo, dodo, sindano. Kuna shokishoki, mafenesi, stafeli, na doriani ambalo hoteli nyingi hazitaki liingizwe chumbani. Shelisheli la kuchoma, au la nazi, ni chakula kamili. Ukinunua vingi utapewa pakacha la makuti. Mifuko ya plastiki Zanzibar ilipigwa marufuku tangu 2006, miaka mingi kabla ya bara kufuata Juni 2019, kwa hiyo usije na mzigo wa vifuko ukidhani unawasaidia.

Pemba nimeigusa kidogo, na inastahili safari yake. Ni kisiwa cha vilima na mikarafuu, na msimu wa kuchuma karafuu huanikwa kwenye majamvi kando ya barabara mpaka gari zima linanukia. Hoteli ni chache, watalii wachache, na Kiswahili chake kitakufanya ujione wewe ndiye mgeni wa lugha. Mnunuzi halali wa karafuu ghafi ni shirika la serikali, ZSTC, kwa hiyo usijaze begi kwa mtu wa njiani ukidhani umepata bei ya kirafiki. Halua nunua utakavyo: wanga, sukari, samli, iliki, zafarani, ikikorogwa kwa saa nyingi kwenye sufuria pana, kama wanavyoifanya Oman.

Na kuna kitu kimoja huko usikionje hata ukikaribishwa na mtu mwema: nyama ya kasa. Machi 2024, Kisiwa Panza, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kuila, na makumi wengine wakalazwa. Sumu yake haiondoki kwa kupika, na kasa mwenyewe analindwa kisheria. Katika yote niliyoandika hapa, huu ndio ushauri pekee ambao sitaki ubishiwe. Mengine, kama vile kubeba chandarua kwa kuwa malaria Zanzibar imepungua lakini haijakwisha, au kofia kwa jua la saa sita, utajipimia.

Limebaki la malipo. Watu wa bara hatuna desturi ya bakshishi, na tukiwa ugenini katika nchi yetu tunaona hata kumlipa mwenyeji bei kamili ni kama kudhulumiwa na ndugu. Tunaomba bei ya kindugu. Nimeshamsikia mgeni, mwenye simu ya bei ya ng'ombe wawili, akibishana na mama juu ya mia mbili ya kitumbua kwa hoja kwamba wote ni Watanzania. Undugu ungekuwa wa kweli, ungemwongezea mama. Lipa kilichotajwa mkishakubaliana, na ukitaka kushukuru zaidi peleka kitu cha nyumbani, maana bei ina mwisho na zawadi haina hesabu.

Zawadi nayo iulizwe. Nilikuwa nikibeba sabuni nzuri na khanga za Dar, nikidhani nimefanya la maana, mpaka siku moja nilipokuwa nafunga begi nikamwuliza Bi Mkubwa nimletee nini nikija tena. Alikuwa anapepeta mchele wa mapembe, huu wa kutoka nje wanaoula wengi visiwani kwa kuwa ndio wa bei ya kufikika. Hakufikiri hata kidogo.

"Mchele wa Kyela," alisema. "Kilo tano. Khanga ninazo mpaka za kuzikwa nazo. Nawe usije nao ule wa kuchanganywa, mimi nitaujua kwa harufu ukiwa bado getini."